Kontena ikigoma kumaunti, msikimbilie kuzima IPv6

Ndugu Mhariri,

Kwanza hongereni kwa kuanza kuandika mambo ya klaudi kwa Kiswahili kinachoeleweka, tuendelee hivohivo. Ila nina neno kuhusu ile makala yenu ya kuunganisha stoo ya mafaili ya NFS (mfumo wa kutumia mafaili ya seva kupitia mtandao) na kontena, yani programu iliyofungashwa na vyake vyote. Sehemu kubwa sina ugomvi nayo, mwandishi kaeleza vizuri kwamba kontena ikifa inakufa na vyake vya ndani na ndo maana mafaili ya kudumu yanakaa nje kwenye seva ambayo kontena nyingi zinaweza kuisoma na kuiandika kwa pamoja, safi kabisa. Tatizo ni pale mwisho alipofika kwenye kugoma, akasema kama mtandao wako una IPv4 na IPv6 kwa pamoja (mifumo miwili ya anwani za mtandao, wa zamani na mpya) na maunti, kule kuiunganisha folda ya seva na mashine yako, haishiki basi zima IPv6, mambo yataenda. Mstari mmoja tu, akafunga. Na huo mstari mmoja ndo watu watakaoubeba, maana mtu aliyekwama saa nane usiku hasomi makala nzima, anatafuta amri ya kubandika.

Sasa jamani, watu hawakuwasha IPv6 kwa urembo. Anwani za IPv4 zina biti 32, jumla ni kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na IANA, wasimamizi wa anwani duniani, walishagawa mafungu makubwa ya mwisho matano tarehe 3 Februari 2011. Tangu tarehe 1 Februari 2024 AWS, klaudi ya Amazon, wanatoza dola 0.005 kwa saa kwa kila anwani ya IPv4 ya wazi, inaonekana hela ndogo mpaka uwe nazo nyingi. Na hata zile za ndani zinabana, kwenye Kubernetes (mfumo wa kuendesha kontena nyingi kwenye mashine nyingi) kila podi, yani kifurushi cha kontena, inataka anwani yake na mtandao mdogo wa /24 una anwani 256 tu, ukitoa zile zinazoshikiliwa na klaudi yenyewe unabaki pungufu ya hapo, podi zikiongezeka siku ya biashara zinaanza kukosa anwani. Kwa hiyo mtu amehangaika kuweka mitandao yote miwili ili apumue, afu gazeti linamwambia azime mmoja. Na akiizima kwenye nodi nzima, yani mashine inayobeba podi, kwa amri ya sysctl ya kubadili mipangilio ya mfumo, hata ile anwani ya ndani ya mashine, ::1, inaondoka nayo, programu zilizokuwa zinasikiliza hapo zinadondoka, sasa ana matatizo mawili na la kwanza wala hajalijua lilikuwa nini.

Jambo ambalo makala haikuligusa kabisa, na mimi naona ndo la kuanza nalo, ni nani hasa anayemaunti. Watu wengi wanadhani ni kontena. Hapana. Kwenye Kubernetes kazi hiyo anaifanya kubelet, wakala wa Kubernetes, yuko kwenye nodi, anatumia mtandao wa nodi na DNS ya nodi (ile ya kugeuza majina kuwa anwani), akishamaliza ndo folda inaingizwa ndani ya podi. Maana yake seva ya NFS kwa kawaida haioni anwani ya podi, inaona ya nodi. Unaweza ukaingia ndani ya podi ukapima ukakuta IPv6 inapita vizuri, jina linajibiwa, poti iko wazi, na bado podi imekwama kwenye hali ya ContainerCreating, haijaanza, kwa sababu ulipopima siyo anapopita kubelet. Na ndo maana pia ukiandika jina la sevisi (anwani ya pamoja ya podi) la ndani ya klasta, yani kundi la nodi, yale yanayoishia svc.cluster.local, mara nyingi nodi inasema haimjui huyo mtu, DNS ya klasta ni ya podi siyo ya nodi. Kwa hiyo kipimo chochote kifanyie kwenye nodi, tena nodi ileile ambayo podi imepangiwa, siyo ya jirani, maana nodi moja inaweza kuwa imepata anwani ya IPv6 na nyingine haijapata.

Haya tuje kwenye hizo anwani mbili. Jina la seva ya mafaili likiwa na rekodi ya A (anwani ya IPv4) na ya AAAA (anwani ya IPv6), nodi inapata majibu mawili na inabidi ichague. Utaratibu wa kuchagua uko kwenye RFC 6724 ya mwaka 2012 (RFC ni hati za kanuni za intaneti) na kwa kawaida, nodi ikiwa na anwani ya IPv6 ya kufika nje (global), inatangulia hiyo. Ukitaka kujua nodi yako inatanguliza ipi andika getent ahosts na jina la seva, ya juu ndo itakayojaribiwa kwanza. Hapa ndo fumbo la watu wengi linapoanzia, kwa sababu wanafungua kitu kwenye brauza kinafunguka, wanasema mtandao uko sawa. Brauza ina ujanja wake, inaitwa Happy Eyeballs, RFC 8305, inazijaribu njia zote mbili karibu kwa wakati mmoja na inayojibu mapema inaipokea, hivyo IPv6 ikiwa mbovu wewe hata huhisi. Amri ya mount haina mbio hizo. Inakwenda kwa ya kwanza, na kama kuna faiwoli katikati inayomeza pakiti kimyakimya bila kujibu, inasubiri, inasubiri, mpaka Connection timed out.

Na hiyo faiwoli ndo mchawi mara nyingi. Sheria za IPv4 na za IPv6 ni vitu viwili tofauti, ukifungua poti 2049, ile ya NFS, kwa 0.0.0.0/0 (IPv4 zote) hujafungua chochote kwa ::/0 (IPv6 zote). Ni kama nyumba ya mageti mawili, mlinzi wa geti moja umempa orodha ya wageni na wa geti la pili hujamwambia kitu, afu unashangaa mgeni kaganda nje. (Simaanishi ufungue kwa dunia nzima, NFS haifunguliwi kwa dunia nzima hata siku moja, weka fungu la nodi zako tu.) Pima pande zote mbili toka kwenye nodi, nc -4 -zv kwenye poti 2049 halafu nc -6 -zv hapohapo, dakika moja umeshajua. Ukikuta ya 4 inaitika na ya 6 kimya, sasa unayo kazi ya kufanya, na kazi yenyewe ni kuongeza sheria moja siyo kuua mtandao.

Halafu kuna orodha ya seva yenyewe ya wanaoruhusiwa, faili la /etc/exports. Hapo nako kila familia ya anwani inaandikwa kivyake, ukiwa umeruhusu fungu la IPv4 la nodi tu na nodi ikaja na sura yake ya IPv6, seva haimtambui, inamkatalia. Ila tofauti ni kwamba hapa jibu linakuja haraka, access denied by server. Naomba wasomaji wenu washike hii kwa sababu inaokoa mda mwingi sana: ukipata timed out shida iko njiani, pakiti hazijafika au hazirudi, ukipata access denied umefika kabisa mlangoni ila seva imekukataa, na ukishamaunti vizuri halafu ndani ya podi unapata Permission denied wakati wa kuandika hapo mambo ya IP yameshaisha, ni habari ya UID, namba ya mtumiaji. Kontena mara nyingi inajiendesha kama mtumiaji mkuu, UID 0, na seva kwa kawaida ina root_squash inayomgeuza UID 0 kuwa mtu wa kawaida asiye na chake, basi hawezi kuandika. Nimeona watu wakizima IPv6 kwa kosa la UID. Kweli kabisa. Na bahati mbaya kuna wakati wanadhani imesaidia kwa sababu waliwasha upya nodi na podi ikahamia kwingine.

Kwenye kuandika anwani yenyewe, kifupi: mount inatenganisha seva na folda kwa nukta mbili, na anwani ya IPv6 imejaa nukta mbili, kwa hiyo anwani inafungwa kwa mabano ya mraba, [2001:db8::10]:/data. Bila mabano amri inasoma ujinga. Mimi ushauri wangu tumia jina, anwani tupu acha kwa ajili ya kupima tu.

Nije kwa ile inayoniuma zaidi, maana hii inawatesa watu wazuri kabisa wanaojua kazi. Maunti inashika. Ukipiga ls kwenye folda ndogo inajibu. Faili dogo unasoma. Unakuja kuandika faili kubwa, kimya, podi imeganda, logi haina kitu, na kwa kuwa ilianza baada ya kuwasha IPv6 mtu anasema si nilisema IPv6 mbovu. Kinachotokea ni hivi. Kwenye IPv6 rauta ya katikati hairuhusiwi kuikatakata pakiti iliyozidi ukubwa wa njia, inaitupa na kumrudishia mtumaji ujumbe wa ICMPv6 (itifaki ya taarifa za mtandao) unaoitwa Packet Too Big, aina ya 2, wenye kumwambia njia hii inabeba kiasi hiki tu, punguza. Sasa kuna wale jamaa wa usalama waliokariri kwamba ICMP ni ya wadukuzi, wameifunga yote. Ule ujumbe haumfikii mtumaji kamwe, anaendelea kutuma pakiti kubwa na zinaendelea kutupwa, ila zile ndogo za ls zinapita bila shida, ndo maana inaonekana nusu nzima nusu mbovu. Chukua nodi yenye MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya baiti 9001 kama zilivyo nyingi ndani ya mtandao wa AWS, seva ya mafaili iko upande wa pili wa VPN ambayo haifiki hata 1500, ukichanganya na NFS inayoandika kwa vipande vya mpaka 1048576 baiti kwa mkupuo, yani kila pakiti inajazwa mpaka pomoni, hiyo shida lazima utaiona tu. IPv4 nayo inaweza kuumwa ugonjwa huohuo, tusiisingizie IPv6 peke yake, ila mara nyingi upande wa IPv4 mtu alishaweka zamani sheria ya kupunguza ukubwa wa vipande vya TCP kwenye rauta na upande wa IPv6 hakuna aliyekumbuka.

Dawa siyo kuzima. Fungua ICMPv6 ile inayotakiwa, kuna RFC 4890 ya mwaka 2007 kazi yake ni hiyohiyo tu, kueleza ipi ipite na ipi izuiwe. Na tena ukizuia ICMPv6 yote hata majirani wa mtandao mmoja hawaonani, kwa sababu ile kazi ya kutafuta majirani iliyokuwa inafanywa na ARP kwenye IPv4, huku inafanywa na ICMPv6. Kama huna mamlaka na hiyo faiwoli basi shusha MTU ya nodi au ya njia ile, mpaka 1280 ukitaka, hicho ndo kiwango cha chini ambacho kila njia ya IPv6 lazima ikibebe. Ikishapona kwa 1280 umeshapata ushahidi wa kupeleka kwa hao jamaa wa usalama, waambie wakuoneshe Packet Too Big inapita wapi.

Mwandishi pia aligusia kidogo tu kwamba ukichoka na kuganda tumia soft badala ya hard, vigezo vya maunti vinavyoamua seva ikinyamaza ifanyweje. Hapo napinga kwa nguvu zote. Hard inafanya kerneli (kiini cha Linux) irudie kuomba bila kuchoka mpaka seva irudi, ndiyo inaudhi, mchakato unakaa kwenye hali ya D, ya kusubiri, na unaona umekufa, lakini data yako haijapotea. Soft ikifika mwisho wa kujaribu inairudishia programu kosa, na programu nyingi jamani hazikuandikwa kupokea kosa katikati ya kuandika faili, zinaendelea kama hakuna kilichotokea na faili linabaki bovu, utakuja kugundua siku ya kurudisha bekapu. Kwa folda ya kusoma tu sawa, soft ikae. Kwa folda inayoandikwa, hard, na timeo=600 (mda wa kusubiri jibu) ambayo ni sekunde 60 siyo 600, inahesabiwa kwa sehemu za kumi za sekunde. Na tangu kerneli ya 2.6.25 mchakato uliokwama kwenye NFS unaweza kuuawa kwa SIGKILL (kill -9), kwa hiyo ile hadithi ya kwamba lazima uwashe upya mashine kila mara ni ya zamani.

Kingine toleo. NFS ilitoka kwa Sun Microsystems mwaka 1984, na toleo la 3 la mwaka 1995 bado liko kila mahali, linahitaji poti 111 ya rpcbind na wenzake wa mountd na wa kufungia mafaili, kila mmoja na poti yake. Sasa zidisha hizo mara mbili kwa IPv4 na IPv6 uone sheria za faiwoli zinavyokuwa msitu. Toleo la 4 linapita poti 2049 peke yake, TCP, basi. Mtu mwenye mitandao miwili akibaki kwenye toleo la 3 bila sababu anajitafutia tu. Na asihangaike na showmount -e kwenye seva ya toleo la 4 peke yake, hiyo amri inaongea na mountd ya toleo la 3, itagoma hata kama seva ni nzima kabisa.

Kwa wale wenye seva ya NFS ndani ya klasta yenyewe, angalieni sevisi yenu. Mitandao miwili kwenye Kubernetes ilitangazwa imekomaa toleo la 1.23, Desemba 2021, lakini sevisi usipoiandikia ipFamilyPolicy inakuwa SingleStack, inapewa anwani ya familia moja tu hata kama klasta ina zote. Watu wanakaa wanasubiri AAAA ambayo hawakuiomba. Andika PreferDualStack. Na kama unatumia zana ya kumaunti inayopitisha NFS kwenye handaki la TLS, yani lenye usimbaji, usishtuke kuona 127.0.0.1 kwenye orodha ya maunti ukadhani umerudi IPv4, hiyo ni mdomo wa handaki ndani ya mashine yako, safari ya nje iangalie kwa amri ya ss. Bila handaki ni rahisi, cat /proc/mounts, ukiona proto=tcp6 na addr ndefu ujue uko IPv6.

Nakubali kuna hali ambapo mtu anataka IPv4 itangulie kwa mda, labda sheria ya faiwoli inasubiri kibali cha wakubwa na kazi haiwezi kusimama. Sawa. Basi aweke proto=tcp kwenye vigezo vya maunti hiyo moja, kwenye mount ya Linux hiyo inamaanisha IPv4, na proto=tcp6 ndo IPv6. Kwenye PersistentVolume, tamko la stoo la Kubernetes, inaandikwa kwenye mountOptions, mstari mmoja, wengine wote wanaendelea na IPv6 yao. Akitaka nodi nzima itangulize IPv4 afungue /etc/gai.conf aondoe alama ya maoni kwenye mstari wa precedence ::ffff:0:0/96 100. Vyote hivyo vinarudishwa kwa sekunde, na hakuna kilichouawa. Sielewi kwa nini makala haikuvitaja wakati ni vifupi kuliko ile amri ya kuzima.

Ila tahadhari, hiyo inafaa kwa nodi yenye zote mbili. Nodi ya IPv6 peke yake na stoo iliyo IPv4 peke yake hazionani kwa kigezo chochote cha mount, hapo unahitaji vigeuzi vya NAT64 na DNS64, ile ya kupachika anwani ya IPv4 ndani ya 64:ff9b::/96, au uhakikishe stoo yenyewe imepewa anwani ya IPv6, na hilo la pili ndo bora zaidi kama mtoa huduma wako analiruhusu, maana kupitisha mafaili yote ya kontena kwenye kigeuzi cha anwani ni kuongeza kitu kingine cha kuharibika na kwenye klaudi nyingi kigeuzi hicho kinatozwa kwa kila gigabaiti inayopita.

Naomba basi Mhariri, kwenye toleo lenu la mtandaoni ule mstari wa kuzima IPv6 utolewe, muweke mahali pake hiyo ya proto=tcp pamoja na kile kipimo cha nc -4 na nc -6. Na kama mwandishi atarudi tena na sehemu ya pili aandike habari ya UID na root_squash kwa kirefu, hiyo peke yake inajaza ukurasa.

Msomaji wenu,
Fundi wa seva